Sare moja, miili mitano: mshono upi ukufae kutoka joto la kaskazi hadi baridi ya kipupwe

Waliingia wanawake watano kwenye fremu yangu ya ushonaji mwanzoni mwa Februari, kila mmoja na yadi 6 za kitenge kilekile: bluu iliyokoza yenye maua ya njano makubwa kama kisahani cha chai. Ilikuwa sare ya upande wa bibi harusi. Siku ya kupokea mahari ilikuwa wiki tatu mbele, hapahapa Dar, wakati ule wa kaskazi ambapo feni inakupulizia joto tu. Harusi yenyewe ilikuwa Julai, Marangu, mlimani Kilimanjaro, ambako asubuhi mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Mwanangu, sare mbili hatununui. Hiihii ivaliwe huku na kule."

Halafu wote watano wakanionyesha picha moja kwenye simu. Blauzi ya peplamu, yenye kipande kifupi kinachomwagika toka kiunoni, na sketi ya nguva, inayobana hadi juu ya magoti kisha ikafunguka. Wote walitaka hiyo.

Kazi za sare ndizo zilizonifundisha miili kuliko kazi nyingine yoyote. Kitambaa ni kimoja na ua ni lilelile, kwa hiyo kinachobaki kutofautiana ni mwili na mshono. Ukiwasimamisha watu watano mbele ya kioo kimoja unaona bila kubahatisha mshono upi umemkaa nani, na upi umemvaa yeye badala ya yeye kuuvaa. Kwa hiyo nitaeleza kila mwili tuliulinganishia mishono gani, tukachukua upi, na nguo hiyo ilivukaje kutoka Februari hadi Julai. Swali langu kwa kila mteja huwa ni moja: nguo ishike wapi, iachie wapi? Kila mwili una mahali pake pembamba. Kwa mmoja ni kiuno, kwa mwingine ni hapo chini ya kifua, kwa mwingine ni vifundo vya mikono na miguu. Nguo ikishika hapo na kuachia kwingine, mtu anapendeza, awe na kilo 50 au 110.

Kabla ya mshono, kitambaa

Kitenge cha pamba kinasimama. Kishike pembe moja ukiinue: hakimwagiki, kinabaki na mikunjo yake. Mwilini maana yake ni kwamba kinajitengenezea umbo lake chenyewe. Sketi ya kitenge iliyokatwa pana itakaa pana hata kama nyonga za ndani ni ndogo, na bega la kitenge litanyooka hata kama bega la mtu limeinama. Hilo linaweza kukusaidia sana, au likakuharibia kabisa.

Vitambaa vya madera, na krepu nyepesi, vinaanguka. Vinagusa palipotokeza tu, yaani kifua, tumbo na makalio, halafu vinashuka moja kwa moja hadi chini. Mwenye kiuno chembamba kiuno chake kinapotelea humo, mpaka afunge mkanda. Lakini kwa asiyetaka kubanwa popote kwenye joto la Februari, sijaona nguo yenye huruma kama dera.

Jezi, kile kitambaa cha kuvutika, kinang'ang'ania. Kinasema yote, mstari wa sidiria mpaka kitovu. Mimi siipendekezi kwa sare hata kidogo. Kazi yake nzuri ni Julai, ikivaliwa chini ya nguo nyingine, kwa sababu inakupa joto bila kujaza.

Sokoni kuna vitenge vya pamba na vya polista, na vya polista mara nyingi ndivyo vinavyong'aa zaidi, kwa hiyo macho yanavikimbilia. Polista hainyonyi jasho. Linabaki kati ya kitambaa na ngozi. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa harusi ya Julai mlimani polista utaivumilia. Kwa Dar mwezi wa pili, hapana.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni wanga. Kitenge kipya kinatoka kiwandani kimekazwa, na ndiyo maana dukani kinasimama vizuri hivyo. Kikifuliwa mara ya kwanza kinalainika na kinarudi, yaani kinapungua. Gauni lililokatwa kabla ya kuloweka litakukaa siku moja tu. Vile vitano nilivitia majini usiku kucha, nikavianika uani asubuhi, na ndipo nikaanza kuvitazama kama kitambaa cha kweli. Vyote vilikuwa vimerudi kidogo kwa urefu. Fundi anayekata kitenge siku hiyohiyo ulipokileta amekuwahishia kazi, lakini hajakusaidia.

Nyonga pana na mabega membamba: penseli, nguva au kata ya A?

Dada mkubwa wa bibi harusi alikuwa na kifua inchi 36, kiuno 29, nyonga 44. Tofauti ya kiuno na nyonga ni inchi 15, na ndiyo maana nguo za dukani zilimchosha: ikipita nyonga inapwaya kiunoni, ikikaa kiunoni haivuki nyonga. Kwa mwili huu ushauri wangu wa kwanza hauhusu mtindo. Nunua au pima kwa nyonga, kiuno kipunguzwe. Kinyume chake hakiwezekani.

Sketi ya penseli inashika kiuno, nyonga na magoti. Akisimama apigwe picha, inapendeza kweli. Shida ni kwamba kitenge hakivutiki, na mtu akikaa nyonga zinatanuka. Ile 44 inakuwa 46 au zaidi. Ukimwachia nafasi ya kukaa, akisimama sketi inalegea na uzuri wa penseli umeondoka. Ukimbana, mshono wa nyuma ndio utakaolipa. Na siku ya mahari wanawake wa nyumbani hawakai kwenye kiti wakatulia. Wanainama, wanapiga magoti kusalimia wakwe, wanabeba masinia.

Nguva inashika hadi juu ya magoti kisha inamwagika. Kwa dada huyu ingemkaa vizuri kuliko kwa wote watano, nakiri. Lakini nilimuuliza atapandaje na kushuka njia za mgombani Marangu akiwa amefungwa magoti, akanyamaza.

Tukabaki na sketi inayofunguka, na hapa kuna mbili zinazochanganywa kila siku. Moja ni ya marinda, kitambaa kimekusanywa kiunoni. Nyingine ni kata ya A, ambayo kiunoni na juu ya nyonga imelala, kisha inapanuka taratibu kuelekea pindo. Kwa mwenye nyonga pana, marinda ya kitenge yanarundika kitambaa palepale ambapo mwili tayari umejaza. Kata ya A inashika kiuno, inapita juu ya nyonga bila kubishana nazo, na pindo likiwa pana kuliko nyonga, nyonga zinaonekana ziko mahali pake. Hiyo ndiyo tuliyochukua.

Kisha nikageukia juu, maana kwa mwili huu nusu ya kazi ni mabega. Nilimpa mikono iliyovimba kidogo begani na shingo pana inayoelekea kwenye mabega. Kitenge kinasimama, kwa hiyo bega lilisimama lenyewe bila kuwekewa kitu ndani. Tazama mtu wa nyonga pana akiwa na blauzi ya kamba nyembamba, halafu mtazame na hii. Ni kama amebadilishwa mkao.

Maua nayo. Ua la ukubwa ule ukiliacha liangukie linapotaka, litakaa makalioni, moja kila upande, na macho ya ukumbi mzima yataenda huko. Nililaza kitambaa sakafuni, nikaweka kipande cha blauzi ili ua zima liangukie kifuani upande wa kushoto, na kwenye sketi nikayashusha yote hadi chini ya magoti. Ilinigharimu karibu nusu yadi ya vipande visivyofaa kitu. Ukimwona fundi anakata kitenge cha maua makubwa akiwa amekikunja mara nne ili amalize haraka, mwombe akikunjue.

Kufika Julai, kitu cha kuangalia kwa mwili huu ni mahali nguo ya juu inapoishia. Sweta ndefu inayoishia katikati ya nyonga inachora mstari penye upana kuliko pote. Ama jaketi liishie kiunoni, ama koti lipite magoti. Katikati hapo usikae. Kata ya A ina faida nyingine ya baridi ambayo penseli haina: ndani yake unaingia taiti nzito na gagulo, na nje hakuna anayejua.

Mwenye tumbo: peplamu, kaftani au kiuno cha juu?

Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mimi nifiche tu mwanangu." Nilimwambia sifichi mtu. Mwili wake ulikuwa kifua 46, kiuno 45, nyonga 47, na chini yake miguu mizuri ya mtu aliyepanda na kushuka milima tangu utotoni. Neno la kuficha ndilo linalowapeleka wanawake wengi wenye tumbo kwenye nguo zinazowaongeza.

Peplamu ya kwenye simu kwanza. Peplamu inashika kiunoni na kumwaga kipande kifupi juu ya nyonga. Kwa krepu, kile kipande kinashuka na kulifunika tumbo kwa upole. Kwa kitenge kinasimama, kinakaa juu ya tumbo kama rafu. Miaka ya nyuma nilimshonea mama mmoja peplamu ya namna hiyo kwa sababu aliitaka sana na mimi sikuwa na maneno ya kumweleza. Alilipa, akashukuru. Baada ya miezi kadhaa nilikutana na kitenge kilekile kimekuwa gauni la mjukuu wake. Tangu siku hiyo nasema mapema.

Kaftani ni chaguo la pili, na kwa joto la Februari ni la maana, kwa sababu hewa inapita kila upande. Lakini kaftani ya kitenge inashuka kwa upana wa kifua hadi chini, kwa hiyo inampa mtu upana hata pale ambapo hana. Miguu ya shangazi ingepotea humo. Tena ina kasoro ambayo huioni mpaka baridi ije: mikono yake mipana haiingii kwenye sweta wala koti lolote. Kaftani ya sare ni nguo ya msimu mmoja.

Chaguo la tatu, kiuno cha juu, ndilo tulilochukua. Nilishusha tepu chini ya kifua chake, kwenye mbavu, nikapata 41. Hapo ndipo pembamba pake. Nguo ikashika hapo na kuachia kuanzia hapo kwenda chini. Angalizo moja tu: chini ya mshono huo usiweke marinda, maana watu wataanza kuuliza mtoto anazaliwa lini. Nilikata vipande sita virefu kutoka chini ya kifua hadi pindo, kila kimoja chembamba juu na kipana chini, na ile mishono mirefu ya wima ikafanya kazi ambayo hakuna mkanda ungeifanya. Shingo ya V, kwa sababu mwenye kifua kikubwa na shingo ya duara iliyopanda anaonekana kama kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya kifua. Urefu tukauweka nusu ya muundi, miguu ionekane.

Kwa Julai tulilinganisha vitu vitatu. Sweta ya vifungo ilivutika tumboni, vifungo vikaacha matundu. Shali lilimpendeza sana na lilimkumbusha ujana wake, ila linashughulisha mikono, na shangazi harusini hakai bila kazi. Tukashona koti refu la bluu tupu, lenye bitana, lisilofungwa mbele. Koti wazi linaacha ukanda mmoja wa kitenge katikati, toka shingoni hadi pindo, na pembeni rangi moja iliyokoza. Jicho linafuata ule ukanda. Kama una tumbo na huna uwezo wa kushona nguo mpya msimu huu, tafuta koti refu la rangi moja uliache wazi juu ya nguo ulizonazo. Hakuna badiliko dogo linaloleta tofauti kubwa kama hilo.

Mabega mapana, nyonga ndogo

Huyu alikuwa binamu, binti wa netiboli, mabega ya mchezaji kweli. Kila nilichompa dada mkubwa, kwake nilikinyima, na kila nilichomnyima dada mkubwa, yeye alikipata. Marinda kiunoni, naam, na mifuko pembeni ya sketi, kwa sababu kitambaa kinachosimama kinampa nyonga. Maua yakashuka yote chini, juu nikatafuta sehemu ya kitenge yenye bluu nyingi.

Yeye alitaka nguo ya kufunga nyuma ya shingo kwa sababu ya joto. Mshono huo unakata kuelekea shingoni na kuyaacha mabega yote nje, kwa hiyo unayasema zaidi. Kamba pana zilizokaa katikati ya bega zinampa upepo uleule na mabega yanatulia. Kwa Julai: sweta laini ya mkono unaoanzia shingoni, usio na mshono begani. Jaketi la jinzi, ambalo kwa dada mkubwa lilikuwa zuri sana, huyu lilimfanya aonekane amebeba mzigo.

Mwembamba aliyenyooka

Mdogo wake bibi harusi: 32, 26, 34, na mrefu. Huyu ndiye mwenye picha. Peplamu ile ya kwenye simu, kumbe, ilikuwa yake peke yake kati ya wote watano, kwa sababu kitenge kinaposimama juu ya nyonga zake ndipo zinapoonekana. Dera kwake linaning'inia kama limetundikwa. Peplamu, marinda, mkanda, hata kola kubwa, vyote vinampa mwili.

Kinachomhitaji fundi makini ni ua. Ua la ukubwa wa kisahani kwenye kifua cha inchi 32 linajaza upande mzima. Nikalikata katikati kwenye mshono wa mbele, nusu huku nusu kule, likawa kama pambo na halikummeza. Ukiwa mwembamba na unachagua kitenge mwenyewe, chukua maua yasiyozidi kiganja chako.

Baridi kwake ni neema. Tabaka mbili tatu za nguo zinazowazidi wengine zinamjaza vizuri.

Mfupi mwenye kifua na kiuno

Mama mdogo alikuwa futi 4 na inchi 11, kifua 42, kiuno 31, nyonga 42. Umbo la namba nane. Watu wanadhani mwili huu hauna shida, lakini nguo za vifungo mbele zinampasukia kifuani, na nguo iliyonyooka inaanzia kifuani ikashuka, kiuno chote kikapotea. Tulilinganisha gauni la vifungo na gauni la kukunja na kufunga ubavuni. La kufunga lilishinda mara moja: linashika kiuno, linafuata kifua kama kilivyo, na kufunguka kwake kunachora V. Ndani nilimwekea kishikizo cha siri ili lisifunguke akiinama.

Nilikataa kumpa mkanda wa njano alioutaka. Mtu mfupi ukimkata katikati kwa rangi nyingine, umempunguza. Mkanda wa kitenge hichohicho unashika kiuno bila kuukata mwili vipande viwili. Urefu ama ugote magotini ama ushuke hadi kifundo cha mguu. Ile nusu ya muundi iliyompendeza shangazi ilimfanya mama mdogo aonekane amezama. Jaketi lake la Julai ni fupi, la kiunoni.

Cha kujitanda: kanga, sweta, jaketi, koti

Dar mwezi wa saba usiku hushuka hadi nyuzi kama 19 au 20, na hapo kanga inatosha. Arusha na Nairobi zinakwenda kwenye 12 hivi, na kupanda mlimani ni chini ya hapo. Huko kanga ni ya urembo. Kanga ni takriban mita 1.5 kwa 1.1, na pindo lake limezunguka pande zote. Hilo pindo ni mstari mnene, kwa hiyo linapoangukia ndipo macho yanaposimama. Mwenye nyonga pana ajitande ili pindo lisimamie kiwikoni au juu yake. Mwenye tumbo aiachie kanga ishuke wima mabegani pande zote mbili, asiivute ikafunga mbele.

Makoti mazuri ya baridi wengi tunayapata kwenye mitumba. Kwa waliokuwa wanakwenda Marangu niliwaambia wasubiri wafike Moshi wapite soko la Memorial, badala ya kuhangaika Dar ambako koti zito si bidhaa ya kila siku. Na nikawaambia waangalie bega kwanza. Kiuno cha koti nitakipunguza, mkono nitaufupisha, bitana nitabadilisha, pindo nitapandisha. Bega likikuzidi, koti hilo ni la mtu mwingine. Kulirekebisha ni kulifumua lote na kulishona upya, na gharama yake inapita bei ya koti.

Jambo la mwisho nililolifanya kwenye nguo zote tano halikuonekana na mtu. Kila kipande nilikiachia inchi moja ya akiba kwenye mishono ya pembeni. Vipande viwili kila upande, pande mbili, jumla inchi 4 za kufungua. Kutoka Februari hadi Julai ni miezi mitano, na mwili haukai kama ulivyopimwa.

Katikati ya Juni dada mkubwa alirudi peke yake, akasubiri mteja mwingine atoke, akafunga pazia. Alikuwa na mimba ya miezi minne na nyumbani hajasema. Nilifumua mishono ya pembeni mbele yake, nikatoa akiba yote, nikamshonea tena hapohapo: sketi ilikaa kiunoni, na chini kata ya A ilikuwa na nafasi tayari. Alijigeuza mbele ya kioo mara mbili, akauliza kama inaonekana. Nikamwambia bado. Penseli ingebidi ikatwe upya, na kitenge kile sokoni kilikuwa kimeshaisha.